Spiriti ya Panya

Kivuva aliacha pombe siku aliyomzika kakake, mwaka wa elfu mbili na mbili. Chang'aa ilikuwa imelichakaza kongosho la marehemu hadi chakula kikakataa kukaa tumboni. Miaka minne sasa, Kivuva hajaonja hata tone. Halafu daktari mzima amwite mlevi!

Alikuwa mtunza panya katika maabara moja kando ya Ngong Road. Dakta Kihara, mkuu wa maabara, alitaka panya waugue kongosho polepole, vile walevi wanavyougua, ndipo dawa ijaribiwe. Nusu yao walinyweshwa maji matupu, nusu maji yenye spiriti, pombe kali ya maabara. Kivuva aliipima spiriti kila asubuhi; Rael, mwenzake, akajaza chupa za panya. Baada ya miezi minne panya wakapasuliwa. Makongosho yote safi!

"Spiriti imeisha na panya ni wazima," daktari akasema mbele ya wafanyakazi wote. "Mzee, ulikuwa unakunywa na nani? Ijumaa ndiyo mwisho wako hapa."

Watu wakacheka.

Kesho yake alipiga magoti kuzibua sinki, harufu ya spiriti ikampiga puani. Lo! Pua ya aliyewahi kunywa haidanganyiki.

"Rael, umekuwa ukimwaga hii kitu?"

Rael hakukana. Alikuwa ameokoka. "Siwezi kunywesha kiumbe cha Mungu pombe, baba. Niliwawekea maji, nikawaombea."

"Na mimi je? Umesikia nikiitwa mlevi, ukanyamaza! Huo ni wokovu gani?"

"Niliogopa kufutwa."

"Twende!"

Ofisini Rael akaungama huku akilia. Dakta Kihara akashika kichwa. Kazi ya miezi minne imeenda na maji. Kisha akapunga mkono. "Haya, mzee, yaishe. Rudi kazini."

"Hayaishi," Kivuva akasema. "Ulinitukana mbele ya watu wote. Waite wote."

"Wako na kazi."

"Hata mimi nilikuwa na kazi. Kakangu alizikwa na jina la mlevi, lilikuwa lake. Mimi silibebi."

Wakaitwa. Daktari akakohoa. "Kulikuwa na kutoelewana kidogo..."

"Kutoelewana, nyoko! Sema Kivuva si mlevi."

Daktari akaangalia viatu vyake. "Kivuva si mlevi," akanong'ona.

"Wa nyuma hawajasikia," Kivuva akasema.