Gololi za Fundi Picha

Siku ya kwanza Emiliana alipompelekea fundi picha wa Kizota pakiti ya dawa ya kusafishia filamu za rangi, walikubaliana watumie nusu kwa nusu. Tangu afungue studio yake ya picha, Emiliana alikuwa akiifuata dawa hiyo mwenyewe Dar. Lakini fundi alikuwa na tabia zake. Kila akimaliza filamu, alirudisha dawa ileile chupani, akampa Emiliana mgongo, akaosha gololi za watoto mojamoja na kuzitumbukiza taratibu mpaka dawa ifike shingoni. Kisha vidole vyake vyenye kucha za kahawia vikakaza kifuniko. Emiliana, aliyepata mtaji kwa mahindi ya Mlali, alishauziwa magunia mengi yaliyojazwa mawe chini.

"Fundi, unanijazia chupa kwa gololi?"

"Hewa ndiyo mwizi, mama," alisema polepole, kama anaongea na chupa. "Ikipata nafasi, dawa inakufa."

"Mwizi mimi namwona, ana kucha za kahawia. Nigawie changu! Na hizo gololi nazichukua, usije ukamjazia mwenzangu."

Fundi alichukua chupa nyingine. Aligawa sawasawa, akapangusa midomo ya chupa, zote mbili zikabaki nusu.

Filamu za kipaimara zilipofika, dawa ya Emiliana ilikuwa nyeusi kama chai iliyolala. Akakimbilia Kizota, akakuta ya fundi nayo hivyo hivyo. Wateja wa kipaimara wakaenda kwingine, wote wawili wakawakosa. Fundi alinyoosha tu mkono.

"Gololi zangu, mama."

Emiliana akazihesabu kwanza, ndipo akampa.