Bluberi za Oiva na Halli

Jirani yangu Oiva Heikura hakuweza kula bila mwenzake. Mkewe Saimi alipofariki, akaanza kula na mbwa: bakuli lake mezani, la Halli sakafuni karibu na mguu wake, chakula kilekile. Nilimsema sana. Akanijibu, "Nyamaza wewe, uliyewapa kuku majina ya shangazi zako."

Kila Agosti, bluberi, vile vitunda vidogo vya buluu, zikiiva huku kwetu kaskazini, Kainuu, aliingia msituni na ndoo, Halli nyuma yake. Mbwa yule alizichuma mwenyewe kwa meno mpaka ulimi ukawa wa zambarau. Bluberi hazimdhuru mbwa, kiganja kimoja kwa siku, mradi ziwe tupu. Saimi alilijua hilo. Alimtengea Halli kwanza, ndipo akamtilia mumewe ile sukari ya mti ya wenye kisukari, iitwayo xylitol. Oiva ana kisukari, na bluberi chachu humkunja uso. Sukari hiyo iko katika kila jiko letu, hata kwenye pipi za kulinda meno, lakini kwa mbwa ni sumu. Saimi hakuwahi kumweleza mumewe. Alifanya tu.

Agosti ya kwanza bila Saimi, Jumapili moja mchana, Oiva akaponda bluberi, akakoroga na sukari yake, akagawa nusu kwa nusu. Haikupita nusu saa simu yangu ikalia.

"Jirani, njoo! Halli anapepesuka kama mlevi!"

"Amekula nini?"

"Bluberi tu. Tumekula wote."

"Na ile sukari yako?"

"Ndiyo. Kwani ina nini?"

"Mungu wangu, Oiva! Sukari ya mwilini imemshuka; mpake asali kwenye fizi, nakuja na gari!"

Mpaka mjini ni saa nzima. Alimpakata mbwa kwenye kiti cha nyuma, akimnong'oneza sikioni, "Usiniache na wewe. Sikiliza, na wewe usiniache." Alidhani sisikii. Nilikanyaga mafuta, macho yamenijaa machozi.

Daktari wa mifugo alimtundikia Halli dripu siku mbili, akapona. Alipouliza kwa nini mbwa atiliwe sukari, Oiva alijibu akitazama sakafu, "Zilikuwa chachu. Sikutaka mimi nile tamu, yeye ale chachu."

Alhamisi akanialika kahawa. Sukari yote alishaitupa. Akajaza bluberi tupu kwenye mabakuli mawili, akaweka moja chini.

"Karibu, Halli. Leo hata mimi nakula chachu."

Halli akanusa, akarudi nyuma, akaenda kulala mlangoni akitupa mgongo. Oiva, mzee wa miaka sabini na minane, akapiga magoti na bluberi tatu kiganjani. "Hizi ni salama, bwana. Onja moja tu." Mbwa akafumba macho.

Oiva akainuka kwa kushika meza, akakaa. Bakuli la pili akaliokota na kuliweka mezani, upande wangu. Akangoja kidogo, kijiko mkononi.

Mimi nikasema nimeshiba. Ndivyo nilivyosema. Nikamaliza kahawa yangu, nikavaa koti, nikaenda kuwafungia kuku wangu. Nilipopita dirishani bado alikuwa amekishika kijiko, hajaanza kula.