Sakafu Yetu na Wale Askari wa Filamu

Mimi filamu za vita sizipendi, na bwana yangu anajua. Lakini siku ya Mungu ile, tumetoka misa, tumekula bukari na samaki, mtoto amelala chumbani, bwana yangu akaweka ya askari waliopotea njia wakajikuta katikati ya mabomu yaliyofukiwa ardhini. Mmoja akakanyaga kitu, akaganda papo hapo. Mkubwa wao akapiga kelele: asiinue mguu mtu yeyote!

Nikakasirika. Watu wanaoogopa ardhi, mpaka niwatazame kwenye tele? Hapa Kolwezi si tunayo ya kwetu! Mtaani kwetu watu wanachimba kobalti ndani ya nyumba. Wanavunja sementi ya chumba, wanashuka, kisha wanafuata mawe kwa upande mpaka chini ya jirani, bila hodi. Choo cha jirani wa nyuma kilizama chote mchana kweupe. Tangu hapo hata nikifagia, nasikiliza.

Basi yule askari akafumba macho, filamu ikanyamaza. Ndipo nikasikia: ko, ko, ko.

“Tata,” nikamwita bwana yangu, “unasikia?”

“Ni filme ile, mama. Tulia.”

Nikanyakua rimoti, nikazima sauti. Ko, ko, ko. Chini yetu! Ee Mungu wangu, mtoto wangu, hata kutambaa hajaanza, amelala kwenye mkeka juu ya sementi hiyo hiyo.

Nikavua kandambili. Aibu gani, mwanamke mzima ananyata nyumbani kwake, mgongo ukutani, eti karibu na ukuta sakafu ni ngumu zaidi. Naweka mguu, nangoja. Naweka mwingine, nangoja. Jasho linanitoka, na bwana yangu yuko kwenye kiti, hasogei.

“Weye unaikala tu? Mutoto atazama!”

Nikamfikia mtoto chumbani, nikamkumbatia kwa nguvu mpaka akaamka analia. Nami nikalia. Kufika mlango wa nje lazima nikate katikati ya saloni, pale penye tele na kiti cha bwana yangu. Nilipofika hapo miguu ikakataa kabisa.

Bwana yangu akainuka, akaja, akanishika bega. Alitaka kunituliza, maskini, sauti yake ilikuwa ya upole kweli.

“Usilie, mama. Bale bantu ba kuchimba habako chini ya chumba ya mutoto. Mi mwenyewe nilibaambia bapite huku, chini ya saloni.”