Babu wa Saba Niliyemruka

Awoowe, yaani babu mzaa baba, aliingia kwa daktari na hina mpya ndevuni kama anayekwenda kuposa. Tulimpeleka kwa sababu alipotea akirudi kutoka soko la mbuzi hapa Garissa, njia aliyoizoea tangu baba yangu hajazaliwa.

"Mzee, leo ni siku gani?" daktari akauliza.

"Wewe soma miaka hii yote, hata siku hujui?" Awoowe akajibu kwa Kiswahili chake cha sokoni.

Nilicheka hadi baba akanikanyaga mguu.

Daktari akaeleza, nami nikitafsiri kwa Kisomali: Nairobi kuna watafiti wanaopiga picha ya ubongo kuona kama kuna uvimbe mdogo ndani, kama ule wa jeraha mwili unapopigana na ugonjwa. Wanashuku kwamba huanza mapema, kabla mtu hajasahau mambo makubwa. Si hukumu, alisema, bado wanachunguza, ila ukijua mapema unajipanga. Mimi nikafupisha: "Awoowe, wanataka kuona kama kichwa chako kimevimba."

"Kichwa yangu iko sawa," akamwambia daktari. "Biga bicha ya huyu kijana. Yeye ndiyo mgonjwa."

Baba alimsihi wiki nzima. Haendi ng'o.

Sasa, kwetu mtoto hufundishwa kuwataja mababu zake mmoja mmoja kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Mwalimu wangu ni Awoowe, na mchezo wangu ni kumruka babu wa saba makusudi ili nimsikie aking'aka: "Mwehu wewe! Unamzika mara ya pili?" Fimbo ikiinuka, mimi nishafika mlangoni. Hata akisinzia, kosa hilo halimpiti.

Ijumaa ile, baada ya swala, nikamruka tena. Nikainua mguu tayari kutimka.

"Vizuri," akasema. "Endelea."

Nikabaki na mguu hewani kama korongo. Nikawataja wote hadi mwisho, naye akaniombea dua. Ningeweza kunyamaza. Nani angejua?

"Awoowe, nimemruka mmoja."

"Muongo."

"Wallahi. Wa saba."

Akaanza kuwahesabu mwenyewe kwa vidole. Alipofika cha saba, midomo ikatikisika bila sauti. Nikamsogezea fimbo, nikitamani anichape tu tuyamalize. Hakuigusa.

"Nitajie," akasema.

Nikamtajia. Akalirudia jina lile mara tatu, taratibu, macho kafumba, kama mtoto wa madrasa anayemwogopa mwalimu.

"Mwambie baba yako akate tiketi za basi," akasema hatimaye. "Wewe utakuja kunitafsiria."

"Si baba anajua Kiswahili kuliko mimi?"

"Baba yako atatia sukari kila neno. Nataka mtu atakayeniambia mambo yalivyo, hata kama hana adabu."

Nikaenda kumtafuta baba. Njiani sikupata hata mzaha mmoja wa kumwambia.