Suti ya Marehemu Baba Hainifungi, na Kosa ni Langu

Mhariri wa ukurasa huu, jina langu lifiche, na ofisi yangu usiitaje, maana Tabora ni mji wa watu kujuana. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na mitatu, mzaliwa wa Puge, Mkatoliki, sijaolewa, naishi hapa mjini kwa shangazi yangu. Kazi yangu ni kupiga taipu. Tena mimi ni mfupi. Sisemi mfupi wa kawaida, nasema mfupi wa kupanda kisanduku ili nifikie rafu ya mafaili. Na mwili wenyewe mwembamba, mikono kama ya mtoto wa darasa la nne.

Nimeajiriwa kwa majaribio ya miezi mitatu. Mama wa Kizungu anayetusimamia alilitazama gauni langu la maua akasema karani wa kike anayepokea wageni sharti avae koti na sketi, la sivyo hatanithibitisha. Wiki ile ile mzee mmoja aliyekuja na shauri lake akaniuliza, "Mjukuu wangu, karani yuko wapi?" Nikamwambia ndiye mimi. Alicheka mpaka akakohoa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Jamani, nimetafuta! Suti za madukani zimeshonwa kwa wanawake warefu, na kwa bei yake ningefanya kazi mwaka mzima bila kula. Nikaenda kwenye kafaulaya, zile nguo kuukuu za Ulaya, nikachambua marundo mpaka kucha zikauma. Koti moja mabega yake yaliniishia kwenye viwiko. Jingine likanikaa sawasawa, nikafurahi, kumbe la mvulana wa shule, lina nembo kifuani! Nililia pale pale sokoni, sioni haya kusema.

Mama aliposikia akanitumia suti ya marehemu baba. Baba alikuwa karani wa baraza kule Puge, na huu ufupi ni wake. Suti ile ya sufu ya kijivu aliivaa Jumapili na sikukuu tu, na tangu tumzike ilikuwa sandukuni. Mama alibakiza kizibao peke yake, kile kikoti cha ndani kisicho na mikono, hukivaa juu ya gauni asubuhi za baridi, wenzake wanamcheka, yeye hajali. Aliagiza hivi: "Mwambieni mwanangu, baba yake amemfuata kazini."

Nikaipeleka ikatwe upya iwe koti na sketi, kwa fundi mmoja, mzee wa Kiislamu, cherehani yake iko barazani, na hakuna koti linalomshinda. Ila mwanamke asiye wa kwake hampimi. Hukupa uzi, unakwenda kupimwa nyumbani na mwanamke mwenzako, naye anafunga mafundo: la bega, la kifua, la kiuno, la nyonga. Shangazi ndiye aliyenipima. Namjua shangazi yangu, kila kipimo lazima akizidishe vidole vinne. Gauni langu la Komunyo ya kwanza lilikuja kunitosha nilipomaliza shule! Nikamsihi safari hii asizidishe.

"Wee! Utaolewa, utazaa," akasema. "Mwili wa mwanamke unasimama? Na uzi huu usiuguse."

Nikaitikia. Njiani nikajibanza nyuma ya ukuta wa kanisa, nikafungua fundo moja moja, nikalirudisha ndani vidole vinne. Nilijiona mjanja kweli.

Siku ya kujaribu, koti halikufunga. Si kubwa, jamani, dogo! Mimi niliyeshindwa kujaza koti Tabora nzima, leo vifungo viko huku na matundu kule. Sketi yenyewe niliivaa kwa kubana pumzi. Fundi akatoa macho.

"Binti, sielewi," akasema. "Mashangazi wa mji huu wote huzidisha vidole vinne. Mimi huvipunguza kabla sijakata, miaka yote, na Wallahi sijakosea hata mara moja."

Nikakunja koti na sketi, nikaaga.

Shangazi alipoiona nguo akaenda mwenyewe barazani, mimi nyuma yake, akamfokea mzee wa watu mbele ya wateja: "Umezeeka! Macho yamekwisha! Umeharibu nguo ya marehemu!" Fundi akaweka mkasi chini, akasema tu, "Niwie radhi, mama." Wanawake wawili wakachukua vitambaa vyao wakaondoka. Nami nimesimama pale, mdomo nimeufunga kama sihusiki.

Kesho yake nikarudi peke yangu, nikamweleza habari ya mafundo. Hakunifokea. Aliligeuza koti, akaniambia mabaki hayatoshi kitu, maana mwenye suti naye alikuwa mtu mdogo. "Lakini suti kama hii haikosi kizibao. Kitafute. Nikikipasua nikatia vipande ubavuni, koti litafunga, na hakuna atakayejua."

Majaribio yangu yanaisha Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao. Nikikosa suti, narudi Puge. Na juzi dereva wa lori ameniletea salamu za mama, kwamba anakuja na lori hilo Jumamosi ya kabla yake. Ameagiza: "Jumapili tutakwenda misa pamoja. Yeye avae suti, mimi nitavaa kizibao, baba yake awe amekamilika."

Nikinyamaza, kazi inakwenda na jina la mzee wa watu linakwenda. Nikisema, itabidi nimwombe mama avue kitu pekee alichobaki nacho cha mumewe, kikapasuliwe kwa mkasi, kwa ajili ya vidole vyangu vinne. Wasomaji, na hasa nyinyi kina mama mliofiwa na waume, nawaombeni mnijibu kabla lori halijafika. Nitamwambiaje avue?