Kamba za Tanga la Mbele

Mume wangu alijenga mashua ya tanga katika uwanja wa nyumba yetu hapa Kamina, mbali na maji yoyote. Alikuwa fundi wa chuma kwenye karakana ya reli. Alipopata pensheni aliniambia tutashuka Lualaba kutoka Bukama mpaka ziwa Kisale, tukilala ndani ya mashua yetu wenyewe. Majirani walicheka. Mmoja aliuliza kama tunangoja mvua ijaze avenue, barabara ya mbele yetu. Yeye alicheka pamoja nao, kisha akarudi kwenye randa yake.

Alisimamisha mlingoti karibu na mihogo niliyoanika, akafunga tanga dogo la mbele. Lilikuwa na kamba mbili, ya kushoto na ya kulia. Kila kamba ilipita kwenye kapi ukingoni mwa mashua, ikaja nyuma tulipokaa, ikazungushwa kwenye winchi, kipipa cha chuma alichokichonga mwenyewe, chenye mkono wa kukizungusha. Winchi zilikuwa kazi yangu. Uwanjani nilijifunza kuachilia kamba moja na kuvuta nyingine, kuku wakipita chini yangu. Kila kitu kilikwenda vizuri, maana hapakuwa na upepo.

Mashua ilipanda treni hadi Bukama, na mto ukatupeleka ziwani. Huko upepo ulitukuta kwa nguvu. Mbele yetu kulikuwa na mafunjo, ukuta mzima wa kijani.

"Tunageuka! Achilia kamba, mama!" mume wangu aliniita.

Nilivuta ncha yake ili niifungue. Haikutoka. Mizunguko ilikuwa imepandana juu ya winchi, ikabanana kama meno.

"Papa, inakwama! Aitoke!" nilimpigia mume wangu kelele, kamba haitoki.

"Tafuta kisu!"

Nilitazama ile kamba mpya, tuliyoingoja miezi mingi kutoka Lubumbashi, na moyo wangu ukakataa. Nilichukua kipande cha kamba tulichofungia mizigo, nikakikaza kwenye kamba iliyokwama, mbele ya winchi, nikakivusha hadi winchi ya upande wa pili. Nikazungusha kwa mikono yote miwili. Ile iliyokwama ikalegea kidogo, nikaifungua mzunguko kwa mzunguko. Tanga likavuka, mashua ikageuka, mafunjo yakatupangusa ubavuni.

Mume wangu alikitazama kipande kile cha kamba. Kisha akanipa unahodha: "Weye njo kapiteni sasa."

Nililia na kucheka kwa pamoja.

Tulipofika Kinkondja, kando ya ziwa, mume wangu alilala kifudifudi kati ya wanawake waliokuwa wakikausha samaki, akichungulia winchi. Kapi ilikuwa juu mno, kamba ikaja ikishuka. Aliiteremsha kapi, ili kamba iingie ikipanda kidogo, na kila mzunguko ukae chini ya mwenzake. Haikukwama tena.

Tulirudi ziwani kila kiangazi mpaka macho yake yakaanza kufifia. Sasa ni marehemu. Mashua iko mikononi mwa wengine, ninaambiwa ina mota, inabeba samaki, na mlingoti umekatwa. Sikasiriki. Lakini upepo wa mwezi wa saba unapopiga mabati ya nyumba, viganja vyangu vinajikunja vyenyewe.

Katika safari yetu ya mwisho mume wangu hakutaka kushika usukani. Alikaa mbele, miguu ndani ya maji, akila samaki wa kuchoma, na aliponisikia nikizungusha winchi aliuliza bila kugeuka, "Mama, tuko wapi?" Nikamweleza kila kitu nilichokiona.