Mwandiko Mzuri Kupita Kiasi

Asubuhi ya siku tuliyoitwa kazini nilikuwa Bisil, siku ya soko, nimesimama juu ya kiti nikichora jina la duka la shangazi yangu ukutani. Herufi ya kwanza niliipa mkia mrefu uliopita chini ya zingine zote. Sifichi, nikishika brashi naringa. Mwalimu wetu wa darasa la sita alifundisha mwandiko kwa kiboko, na darasa zima mimi ndiye niliyefaidika.

Njoroge, askari mwenzangu, alikuja kunichukua akiwa amenuna. Kwa kawaida angeniita "Sopa!" kutoka mbali, kunitania kwa Kimaasai chake kibovu. Siku hiyo alikuwa amegombana na mkewe, Wambui, nyumbani kwao Kitengela. Alikuwa amenunua ploti bila kumwambia na kuiandikisha kwa jina la ndugu yake. Alikuwa ameondoka bila kuaga.

"Nikirudi nitamwomba msamaha," alisema.

"Ukirudi," nilimjibu nikicheka. Kicheko hicho nakijutia hadi leo.

Tulipelekwa vitani, na huko upande wa pili wa mpaka tulijifunza kushuku kila kitu. Mzee aliyetuletea maziwa tulimwambia aonje kwanza. Jiwe likihama barabarani, tulisimama saa nzima tukihofia bomu. Simu zetu zilikusanywa kwa sababu ilisemekana adui anazifuata. Tukabaki na karatasi, ambazo ziliondoka na ndege ya chakula.

Njoroge aliandika barua kwa biro, ameegemea gunia la mchanga. Nilipoiona nilicheka mpaka nikashika mbavu. Kuku akikanyaga tope huandika vizuri zaidi.

"Hii ndiyo utatuma? Lete nikuandikie."

"Lakini Wambui anajua mwandiko yangu, Lema."

"Wacha woga. Atafurahi."

Nilitoa kalamu yangu ya wino, nikanakili neno kwa neno. Nisamehe, Wambui. Hiyo ploti nataka iwe yako. Cheti kiko ndani ya sanduku la nguo, kipeleke kwa ofisi ya ardhi Kajiado wakuelekeze. Nijibu, hata kama ni neno moja. Herufi ya kwanza niliizungushia majani na maua. Hata jina la Njoroge mwishoni nililiandika mimi, maana niliona sahihi yake ingeharibu ukurasa. Ile karatasi yake niliikunja nikaitia ndani ya daftari langu, nije nimtanie nayo tukizeeka.

Zilifuata barua mbili zaidi, zote kwa mkono wangu, nami ndiye niliyezipeleka ndegeni. Kila ndege ilipotua, Njoroge alikuwa wa kwanza kwenye foleni. "Kuna yangu?" Hakukuwa na yake. Alishuku posta, akamshuku ndugu yake, mwishowe akanishuku mimi.

"Lema, ulituma kweli?"

Niliapa. Hakuniamini, nami nikaudhika. Tulikaa siku mbili bila kusemezana.

Siku ya tatu, tukinywa chai, lori la maji lilikuja mapema kuliko kawaida.

Lori hilo tulilijua. Ndicho kitu pekee ambacho hatukukishuku.

Njoroge alikuwa zamu langoni.

Sikumbuki mlio wa bomu. Nakumbuka vumbi, na kikombe changu bado kiko mkononi.

Nilimkuta ameegemea gunia. Midomo yake ilisogea. "Ndege imekuja?"

Nilimwambia imekuja. Nilimwambia Wambui amejibu.

Alinitazama mpaka mwisho, na hakuniamini.

Miezi kadhaa baadaye nilibisha lango la Wambui. Alilifungua upana wa kiganja tu.

"Wewe ni nani?"

"Lemayian. Nilikuwa na bwanako kule."

"Pitisha kitambulisho hapa nione."

Alikisoma pande zote mbili. Nilimpa pole, kisha nikamwuliza kwa nini hakujibu. Aliingia ndani, akarudi na zile barua tatu.

"Hii si mwandiko ya Njoroge. Hawezi andika hivi hata akifinywa. Halafu inaniambia nitoe cheti ya ploti? Hapa Kitengela? Nilijua ni mabroka, hawa matapeli wa ploti. Nilificha hiyo cheti kwa mama yangu, nikanyamaza."

Nilifungua daftari, nikampa karatasi ya Njoroge. Kabla hajamaliza mstari wa kwanza aliketi chini, palepale langoni.

"Huyu ndiye," alisema. Aliisoma hadi mwisho. "Na mimi nilikuwa nimemsamehe kabla hata afike stage ya matatu."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuona tena.

Watu bado huniletea kadi za harusi, hata wenye simu za bei ghali. Wanasema maandishi ya mkono yana uzito wake, na mimi naamini kuliko wao. Kadi naandika. Ila mtu akija na barua ya kwenda nyumbani, namrudishia kalamu aandike mwenyewe, hata akikwaruza.

Siku ile Wambui alinirudishia zile tatu nzuri. Ile mbovu alibaki nayo.